Lipu ya Zamani Haing'olewi kwa Sababu ya Nyufa Nyembamba

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia picha ya sebule yake. Nyumba ni ya urithi, kuta ni za lipu ya zamani, na nyufa zimetambaa kama utando wa buibui. Fundi aliyemwita amemwambia lipu yote ing'olewe, ipigwe upya. Fedha hizo hana. Niliposoma ujumbe wake nilipandwa na hasira niliyodhani imekwisha zamani, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Fundi wangu hakuugusa hata ukuta. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akatazama chini, akanitajia hesabu ya kunimaliza. Nilipouliza kama nyufa haziwezi kuzibwa tu, alisema nyumba za zamani si za watu wasio na uwezo. Neno lile lilinichoma na bado linanichoma. Lakini ndilo lililonifanya nizijue kuta zangu mwenyewe, na leo wageni huuliza nani alinipigia lipu mpya. Lipu ni ileile ya zamani. Nasema hivyo kwa fahari.

Nilianza kwa kuchunguza. Usiku nilizima taa nikaegemeza tochi ukutani, mwanga ukapita ubavuni, na kila ufa ukaonekana kwa kivuli chake. Kisha nikagonga kwa vifundo vya vidole. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachia ukuta, na hapo puti ya kuzibia nyufa haisaidii kitu. Kipande hicho king'olewe na kupigwa upya, kipande hicho tu. Mwisho nikaweka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za kila ufa, nikaacha majira ya unyevu na ya ukavu yapite. Nyufa nyingi hazikusogea hata kidogo.

Lipu hunywea inapokauka, ukuta hutanuka na kusinyaa kwa joto na unyevu, nyumba nayo hukaa chini kidogo kidogo. Ufa usiofika milimita 1 kwa kawaida ni matokeo ya hayo. Ufa wa kukutia wasiwasi ni ule unaozidi kupanuka, uliovuka milimita 5, unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au ambao upande mmoja umejitokeza kuliko mwingine. Huo mwite mhandisi, usiubandike chochote.

Jambo ambalo fundi yule hakuliuliza ni hili: lipu yenyewe ni ya nini? Kwangua kidogo, dondoshea siki. Ya chokaa hutoa povu, ya jasi tupu hukaa kimya. Saruji nayo huweza kutoa povu, ila ni ngumu na ya kijivu, wakati chokaa ukiikwaruza kwa msumari inakwanguka. Chokaa ni laini na hupitisha mvuke wa maji. Ukiijaza saruji, kiraka kinakuwa kigumu kuliko ukuta, unyevu unanaswa nyuma yake, na ufa mpya unatokea pembeni. Lipu ya chokaa izibwe kwa chokaa. Jasi nayo isipelekwe kwenye ukuta wenye unyevu, italegea.

Kazi yenyewe haina mengi. Ufa mwembamba sana, kwenye ukuta wa chokaa usiopakwa rangi ya mafuta, sikuupanua. Niliulowesha na kuupaka maji ya chokaa tabaka nyembamba kadhaa, kila moja likikauka polepole. Chokaa huingia ndani ya ufa, ikashika hewa ya kaboni dioksidi na kurudi kuwa jiwe. Ufa mpana zaidi niliupanua kidogo kwa ncha ya kisu, ndiyo, niliupanua, kwa sababu puti iliyopakwa juujuu haina pa kushika. Nikapiga brashi vumbi lote, nikanyunyiza maji, nikashindilia chokaa laini yenye mchanga mwembamba kwa kadi ya zamani ya plastiki, tabaka kwa tabaka. Palipokuwa pamepasuka tena na tena niliweka utepe wa wavu kabla ya tabaka la mwisho. Kisha msasa laini.

Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza ngozi na macho. Na kama rangi ni ya miaka mingi, usiipige msasa mkavu, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hata Marekani risasi haikupigwa marufuku kwenye rangi za nyumba hadi 1978. Lowesha ukuta kwanza, vaa barakoa, watoto wakae mbali.

Ndugu zangu, tuache haraka. Naona watu wanapaka rangi ya kung'aa juu ya nyufa ili mgeni wa kesho asione, kisha wanalaumu rangi. Rangi ya kung'aa ndiyo inayotangaza kila kasoro. Chagua isiyong'aa. Na tuache kuogopa kumwuliza fundi maswali. Ukuta ni wako, fedha ni zako. Asiyegonga ukuta hana haki ya kukupa hesabu.

Dada uliyeniandikia, usianze na sebule. Anza na ukuta ulio nyuma ya kabati, uzibe nyufa zake, usubiri ukauke kabisa, uugonge tena. Ukiona kiraka chako kimeshika, njoo sebuleni, ila pembe ya karibu na dirisha iache, maana pale pichani ufa unapanda mshazari. Huo uweke alama za penseli, mwite mhandisi auone, na usiuzibe mpaka ujue kama unasogea.