Mwalimu wa chekechea anataka kwenda Canada, aanzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa PP1 hapa Kisauni, nina diploma ya ECDE ya KNEC na nimefundisha miaka saba sasa. Kuna ajenti mjini anasema Canada wanatafuta sana walimu wa watoto wadogo, nimpe laki moja na elfu themanini alafu yeye anamaliza kila kitu, nikifika ni kuanza kazi tu. Nina mtoto wa miaka minne, siwezi kumwacha. Nilipe ama nisilipe? Na hii diploma yangu itatambulika kweli ama nitaambiwa nirudi shule?
Mwalimu wa PP1, Mombasa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usilipe. Nimeanza na hilo manake najua labda pesa ushaanza kuzichanga kwa chama.

Kwamba Canada wanawatafuta, hapo hajakudanganya. Tangu 2021 serikali yao iko na mpango wa kushusha ada ya dekea mpaka wastani wa dola 10 kwa siku, na walimu hawatoshi, ndo maana Februari 2025 wakaongeza kundi la elimu kwenye Express Entry, ule mfumo wao wa mtandaoni wa kuchagua wafanyakazi wa kupewa ukaazi wa kudumu, na walimu wa watoto wadogo pamoja na wasaidizi wao wamo ndani. Lakini kufungua profaili ya Express Entry ni bure, na mwajiri anayeleta wageni kwa mpango wa wafanyakazi wa muda haruhusiwi kuacha mfanyakazi atozwe ada ya kuajiriwa, iwe na yeye ama na ajenti wake. Sasa hiyo laki na themanini ni ya nini? Tena mtu wa kulipwa kukushughulikia mambo ya uhamiaji wa Canada anafaa awe wakili ama mshauri aliyesajiliwa kule, na ajenti wa ajira hapa Kenya awe kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya ajira ya taifa. Muombe namba zake za usajili uzikague mwenyewe. Akikasirika ushajua, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Swali la pili ndo kubwa, na hapa nataka unisikize vizuri. Hakuna ofisi moja ya "Canada" inayoamua kama wewe ni mwalimu, kila mkoa una wake. Ontario, kwa sheria ya 2007, huwezi hata kujiita mwalimu wa watoto wadogo kama hujasajiliwa na chombo chao cha taaluma hiyo (wanakiita "College", lakini si chuo cha kusomea), yani kama TSC yetu. British Columbia wana rejista yao, na kwa cheti cha miaka mitano wanataka uwe umefanya kazi saa 500. Alberta wanakupanga daraja la 1 mpaka la 3 kulingana na masomo yako. Kwa hivo chagua mkoa kwanza, usome masharti yake, ndo uanze kukusanya karatasi. Diploma yako yaweza kukubaliwa nzima, yaweza kukubaliwa nusu ukaambiwa uongeze masomo kadhaa, itategemea na mkoa.

Na karatasi zenyewe, jamani, sio cheti peke yake. Mimi nilipotuma zangu miaka ile nilidhani nimemaliza, nina cheti, transkripti, tabia njema ya DCI, vyote kwenye bahasha ya plastiki, alafu nikaulizwa: mazoezi ya kufundisha ulifanya saa ngapi, na watoto wa umri gani, na nani alikusimamia? Kwenye transkripti yangu TP ilikuwa mstari mmoja tu na gredi. Nikarudi chuoni, faili langu halionekani, msajili mpya hanijui, nikazungushwa miezi minne kwa barua moja. Usingoje hapo. Nenda chuo chako mwezi huu, omba silabasi ya kila somo na barua yenye mhuri inayosema saa zako za TP na umri wa watoto. KNEC waombe uthibitisho wa matokeo kupitia mfumo wao wa QMIS. Na mwalimu mkuu wako akuandikie barua ya miaka hiyo saba akieleza kazi unayofanya darasani, isiwe ile ya "ni mchapakazi na mwaminifu" peke yake.

Jitayarishe pia kwamba kazi yenyewe iko tofauti. Wewe labda una watoto 45 na ubao mmoja. Ontario, watoto kuanzia miezi 30 wanakaa wanane kwa mtu mzima mmoja, lakini utabadilisha nepi, utaandika mtoto amelala saa ngapi na amekula nini, na hutawakaririsha a-e-i-o-u, utakaa chini sakafuni ucheze nao na ueleze wanajifunza nini pale. Zile kofia za soda unazotumia kuhesabia, zile ndala unazokata maumbo, zipige picha sasa (sura za watoto zisionekane). Kwenye intavyuu hizo ndo zitakuongelea.

Mtoto wako anaweza kuingia kwenye ombi lako la ukaazi wa kudumu. Kama baba yake yupo, tafuta idhini yake ya maandishi mapema.

SWALI: Dada, mimi niko Morogoro, nina miaka 24, cheti cha ualimu wa awali. Naambiwa niende Ujerumani kama au pair ndo njia ya kufundisha Kita, yani chekechea za kule. Ni kweli?

JIBU: Au pair sio kazi ya ualimu mdogo wangu. Unakaa na familia, unawasaidia watoto kwa saa zisizozidi 30 kwa wiki, unapewa chumba, chakula na euro 280 za mfukoni kwa mwezi, mwisho mwaka mmoja, na lazima uombe kabla hujafika miaka 27 ukiwa na Kijerumani cha A1, kiwango cha mwanzo kabisa. Ukiutumia mwaka huo kusoma lugha ni mlango mzuri. Ila kwa Kita cheti chako kitapimwa na jimbo unaloenda, na mara nyingi wanataka lugha B2 (kiwango cha nne kati ya sita) ama zaidi, na wana haki, kwa sababu mtoto wa miaka miwili anaokota maneno kutoka mdomoni mwako. Anza Kijerumani leo, kabla ya pasipoti.