Mbona watu wanachoka kupiga bosi wa gemu (yule adui mkubwa) kwa kundi?
Umeuliza mbona watu wanaanza na moto afu wanapotea, mi naona shida sio bosi, shida ni kusubiriana. Chukua World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ile ya 2004, kwenye pango la Molten Core mnaingia watu 40, mmoja kaenda chooni 39 mnamngoja, mkimwangusha Ragnaros, bosi wa mwisho humo, anadondosha vitu vichache tu na harudi mpaka wiki ijayo, sasa we uliyekesha kuponya wenzio unatoka mikono mitupu wiki ya tano hiyo, utarudi kweli? 2014 wakaleta Mythic, ngazi ngumu kuliko zote, ya watu 20, afadhali kidogo, ila huko mmoja akikosea hatua mnaweza kufa wote mkaanza upya. Na bando likate bosi kabakiza asilimia 2 ya uhai, aisee nilizima kompyuta nikalala.