Damu Isiyolingana na Mgonjwa: Je, Tumnyime?

Swali: Nafanya kazi maabara. Mgonjwa wetu ana anemia (upungufu wa damu) inayosababishwa na kingamwili zinazoshambulia chembe nyekundu za damu yake mwenyewe. Hemoglobini imeshuka hadi gramu 4 kwa desilita, anahema kwa shida, na uniti (mifuko ya damu) zote sita tulizopima hazikulingana naye. Tumpe damu au tusimpe?

Jibu: Mpeni. Ndugu yangu, uniti inayolingana naye hamtaipata hata mkimaliza friji nzima, kwa kuwa kingamwili za ugonjwa huu, ambazo mara nyingi ni za aina iitwayo IgG, hushika chembe nyekundu za karibu kila mtu, na mgonjwa katika hali hiyo anaweza kufa huku mkiendelea kupima.

Kinachonitia hofu zaidi ni kingamwili nyingine inayoweza kujificha chini ya hizo, iliyotokana na ujauzito au damu aliyowahi kuongezewa, kwani hiyo ndiyo huvunja chembe za mchangiaji kwa kasi. Kwa hiyo ulizeni historia yake kwa makini, hata kwa ndugu zake. Ikiwa hajawahi kuongezewa damu wala kubeba mimba, hatari hiyo ni ndogo sana, na damu inayoafiki kundi lake la ABO na Rh yaweza kutolewa. Ikiwa amewahi, na hali yake inaruhusu kusubiri, changanyeni plasma yake (majimaji ya damu yenye kingamwili) na chembe zake zilizoandaliwa ili zifyonze kingamwili za ugonjwa, kisha mpime kilichobaki. Hata hivyo, kama aliongezewa damu ndani ya miezi 3 iliyopita, msitumie chembe zake, maana zimechanganyika na za mchangiaji, nazo zaweza kufyonza kingamwili ile ile iliyojificha mnayoitafuta. Tumieni chembe za watu wengine ambazo antijeni zake (alama za juu ya chembe ambazo kingamwili hushika) zinajulikana, au pelekeni sampuli kwenye maabara yenye uwezo huo.

Damu itolewe uniti moja moja, polepole, muuguzi akiwa karibu hasa dakika 15 za mwanzo, akiangalia homa, maumivu ya mgongo na mkojo mweusi. Lengo ni kumwondolea mgonjwa dalili za hatari, si kurudisha hemoglobini katika kiwango cha kawaida, kwani chembe mpya nazo zitavunjwa kama zake. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili ambayo huchukua siku kadhaa kufanya kazi, isisubiri damu iishe.

Na kabla ya uniti ya kwanza, chukueni sampuli ya kutosha kutambua antijeni zake za Rh na za Kell, kundi jingine la damu. Chembe za mchangiaji zikishaingia mwilini, majibu ya kipimo hicho hayaaminiki tena.