Jibu: Joto la usiku na machozi katika umri wa miaka 49

Mama mpendwa, umeuliza kama joto linalokuamsha usiku na machozi yanayokutoka bila sababu ni malaria isiyopona, ingawa vipimo viwili havikuonyesha vijidudu. Kwa umri wako wa miaka 49, na kwa kuwa hedhi yako imeanza kuruka miezi, naona zaidi dalili za kukaribia ukomo wa hedhi, ambao kwa wanawake wengi hufika kati ya miaka 45 na 55.

Nami niliyapitia hapa Bukavu: usiku wa baridi, wengine nyumbani wakiwa wamejifunika blanketi mbili, mimi niliketi kitandani nikikamua kikwembe kilicholowa jasho. Homoni ya estrojeni inapopungua, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili hudhani mwili umechemka, ikapanua mishipa ya damu na kufungulia jasho; ndiyo maana uso na kifua huwaka kwa dakika chache, kisha baridi hufuata. Usingizi uliokatika, pamoja na mabadiliko hayo ya homoni, huleta hasira na huzuni. Si pepo, wala si upungufu wa imani, na mumeo aelezwe hivyo waziwazi.

Ukomo huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Kabla ya hapo mimba bado inawezekana. Damu ikirudi baada ya muda huo, hata tone, usingoje, nenda ukapimwe. Mifupa nayo hudhoofika, kwa hiyo sambaza, wale samaki wadogo wanaoliwa pamoja na miiba yao, wasikose mezani kwako.