Je, nisome saikolojia na sosholojia kwa pamoja?

SWALI: Mpendwa mshauri, nilipata alama ya B katika mtihani wa KCSE na nimeitwa na chuo kikuu kimoja cha umma kusomea shahada ya sanaa, ambayo inaniruhusu kuchagua masomo makuu mawili. Ninapenda saikolojia na sosholojia. Mjomba wangu, ambaye ndiye atakayenisaidia karo, anasema masomo hayo ni kitu kimoja chenye majina mawili, na kwamba anayeyasoma yote mawili humaliza chuo akiwa hana fani. Mimi nataka hatimaye kuwa mwanasaikolojia wa hospitali. Nifuate ushauri wake?
Msomaji wa kike, Kilifi

JIBU: Binti yangu, katika hilo la kwanza mjomba wako amekosea, lakini hilo la pili usilipuuze.

Tuchukue suala la kubeti, ambalo bila shaka unaliona mtaani kwenu. Mwanasaikolojia atataka kujua kwa nini kijana ambaye mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobetia, umechanika Jumamosi anaweka mwingine Jumapili. Sehemu ya jibu lake itatokana na majaribio ya Mmarekani B. F. Skinner, aliyeonyesha kwa panya na njiwa kwamba tabia inayotuzwa mara moja moja, pasipo kujulikana ni lini, ni ngumu mno kukoma. Tena mkeka unaochanwa na mechi moja ya mwisho humwachia kijana hisia kwamba alikaribia kushinda, ingawa fedha zake zimekwenda zote. Mwanasosholojia hataanza na kijana huyo. Atakitazama kijiwe kizima na kuuliza kwa nini karibu wote walioketi pale ni wanaume wasio na kazi ya kudumu, ni nani huwacheka wasiobeti, na mambo yalibadilikaje tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata simu ile ile inayopokea ujira wa kibarua ikawa ndiyo inayoulipia mkeka.

Majibu hayo mawili hayapatani kila mara, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye faida ya kuyasoma pamoja. Ugomvi wenyewe ni wa zamani: mwaka 1897 Mfaransa Émile Durkheim alichapisha utafiti mzima juu ya kujiua ili kuthibitisha kwamba hata tendo linaloonekana kuwa la mtu binafsi kabisa lina viwango vinavyotofautiana kati ya jamii na jamii, na kwamba tofauti hizo haziwezi kuelezwa kwa kuchunguza nafsi ya mtu mmoja mmoja. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza maswali ya pande zote mbili hadanganyiki upesi. Takwimu utazikuta kote kuwili, kwa hiyo ikiwa ulichagua sanaa ili kuikimbia hisabati, jiandae.

Sasa nije kwenye fani. Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa, na shahada ya kwanza peke yake haimfikishi mtu kwenye saikolojia ya hospitalini. Itakubidi usome shahada ya uzamili. Wanaodahili wanafunzi wa uzamili huangalia ni kozi zipi za saikolojia ulizosoma: misingi ya kibiolojia ya tabia, magonjwa ya akili, upimaji wa kisaikolojia, mbinu za utafiti. Mwenye masomo makuu mawili hujikuta akiziacha baadhi yake, mara nyingi zile ngumu, kwa kuwa ratiba imejaa. Kwa hiyo, kabla ya kujisajili, tafuta masharti ya kujiunga na uzamili katika vyuo viwili au vitatu pamoja na masharti ya usajili wa taaluma, uyalinganishe na orodha ya kozi za chuo chako. Ukiona sosholojia inachukua nafasi ya kozi ya lazima, ishushe iwe somo dogo. Nisingekushauri uiache kabisa.

Ukibadili nia baadaye, mchanganyiko huu haukutupi. Ripoti ambayo afisa wa probesheni huiandikia mahakama kabla ya hukumu inamtaka aeleze jinsi mshtakiwa anavyolichukulia kosa lake, na pia nyumba anamoishi, jamaa waliobaki naye, wanayosema majirani na hali ya aliyekosewa. Sijui kazi nyingine inayoyatumia masomo haya mawili kwa uwazi kiasi hicho katika karatasi chache.

Kuhusu mafunzo ya nyanjani, peleka maombi hospitalini mapema, walau muhula mmoja kabla, ukiwa na barua ya idara yako, kwa sababu vitengo vya afya ya akili hupokea wanafunzi wachache.