Mbuyu usio na majani haujafa

SWALI: Ninafundisha darasa la awali mkoani Dodoma. Picha nilizo nazo za ukuaji wa miti zinaonyesha majira manne, theluji ikiwemo, na watoto wananiuliza kwa nini miti yetu haiko hivyo. Niwafundisheje? (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, picha hizo si za uongo, ila zinahusu nchi ambako majani huangushwa na baridi, ilhali kwenu huangushwa na ukame. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na miti huufuata msimu huo. Ziweke picha kando kwa sasa, uchague mti mmoja ulio karibu na shule. Nami sioni unaofaa kuliko mbuyu, kwa kuwa watoto wanaujua ubuyu tangu zamani.

Masomo yanapoanza Januari, mbuyu huwa na majani tele. Wapeleke hapo mara moja kila mwezi, kila mtoto auchore, na michoro ibandikwe ukutani kwa mfuatano wa miezi, maana mtoto wa miaka 5 ni vigumu kuushika mwaka mzima kichwani, lakini anaweza kuufuata kwa kidole ukutani. Kiangazi kikikolea majani yatapukutika, nao watasema mti umekufa. Hapo ndipo penye somo lenyewe. Waeleze kwamba maji ya mti hupotelea hewani kupitia majani, kwa hiyo mti unaoyaacha wakati wa ukame huyaokoa maji yake, ambayo kwa mbuyu huhifadhiwa ndani ya lile shina nene. Kisha kwaruza kidogo kijitawi kimoja uwaonyeshe ukijani ulio chini ya gamba, ambao huuwezesha mti kujitengenezea chakula kiasi hata ukiwa mtupu. Kazi hiyo uifanye wewe peke yako: watoto 40 wana kucha 400.

Mwishoni mwa kiangazi mbuyu huchipua, mara nyingi kabla hata mvua haijanyesha, kwa kutumia maji ya shinani. Maua yake makubwa meupe hufunguka jioni na kutembelewa na popo usiku. Yatakayoanguka, watoto watayaokota.

Kitu ambacho mbuyu mkubwa hautawaonyesha ni kurefuka, kwa sababu nyongeza ya mwaka mmoja haionekani kwa macho. Kwa hilo pandeni mpapai, ambao hukua upesi. Mche ukishakomaa kidogo, utie alama ya rangi chini ya shina, kisha waulize watoto kama alama hiyo itapanda juu. Wengi watasema ndiyo. Waache wasubiri waone kwamba inabaki palepale, kwa kuwa mti hurefuka kwenye ncha, huku shina likinenepa tu. Mpapai hauvumilii kiu, basi kabla ya likizo ya Juni mtafute mtu wa kuumwagilia.