Uvungu wa Unyayo na Kisigino Kinachowaka

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maumivu ya miguu ni ya watu wenye nyayo bapa, na kwamba mimi, ambaye uvungu wa unyayo wangu umeinuka hadi vidole viwili vya mkono hupita chini yake nikiwa nimesimama, sikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, kila nilipomaliza vipindi vya asubuhi nikiwa wima juu ya saruji mbele ya ubao, kisigino kiliwaka, na pale nyuma ya vidole paliuma kana kwamba nimekanyaga kokoto.

Aliyenifumbua macho ni fundi viatu. Alivigeuza viatu vyangu, akanionyesha kwamba visigino vimelika upande wa nje tu, ilhali wa ndani ulikuwa kama mpya. Jioni hiyo, nikitoka kuoga, nilikanyaga sakafu kavu kwa unyayo uliolowa. Ikabaki alama ya kisigino, alama ya mbele, na baina yake uzi mwembamba wa maji pembeni.

Uzi huo ndio kiini cha tatizo, kwa sababu uzito wa mwili ambao kwa wengine huenea katika ukingo mzima wa nje, kwetu wenye uvungu mkubwa huelemea sehemu mbili tu. Isitoshe, unyayo wa namna hii huwa mgumu, haubonyei unapokanyaga, hivyo kishindo hakipunguzwi. Ndipo sugu huota chini ya kidole gumba na cha mwisho, na kifundo hupinduka kwa nje kwa urahisi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua soli laini ya ndani iliyo tambarare, ambayo ilibembeleza kisigino na kuuacha uvungu mtupu. Iliyonifaa ni ile iliyoinuka katikati, ikaujaza uvungu na kugawa uzito, ndani ya kiatu kipana cha kamba. Ndala nimeziachia bafuni. Kila asubuhi huegemea ukuta na kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kwa sekunde 30, mara tatu kila upande, kisigino kikiwa chini. Sugu msizikate kwa wembe, hasa wenye kisukari.

Lakini uvungu ukianza kuongezeka ukubwani, hasa mguu mmoja, au vidole vikijikunja na kufa ganzi, muone daktari, kwani chanzo chaweza kuwa mishipa ya fahamu. Wangu alinitembeza kwa visigino, akanigusa vidole kwa pamba nikiwa nimefumba macho, kisha akauliza nani mwingine katika ukoo wetu ana nyayo kama hizi.